Hodi ya Tatu

Usiku ule wa kuamkia kikao cha familia, nililala na simu kifuani. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Mwanza na mwingine Arusha, walitaka Mama aihame nyumba aliyoachiwa na Bibi kule Muheza. Tungekutana mtandaoni, na mwenyeji ni mimi: nifungue kikao, niruhusu watu waingie, nizime vipaza sauti. "Mama asikilize tu," kaka mkubwa aliniagiza. "Akianza kulia hatutamaliza." Nikaitikia. Kwetu kaka mkubwa habishiwi, hata akikuudhi.

Basi ndotoni kikao kimeshaanza. Nyuso za kaka zangu zimejaa kwenye kioo cha simu, wanavutana kitanda cha Mama kiende kwa nani. Chini likatokea jina la mtu anayesubiri aruhusiwe kuingia. Bibi. Bibi tuliyemzika nikiwa bado shule ya msingi! Nikamwona kwenye kidirisha kidogo, na kanga yake ya kisutu, nyuma yake ukuta wa Muheza.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Bibi!" nikajibu, lakini sauti haikutoka. Kipaza sauti changu kimezimwa. Nakiwasha, kinazimika. Nani anakizima, na mwenyeji ni mimi?

"Hodi."

Kaka zangu wanaendelea na kitanda chao. Nabonyeza pa kumruhusu, kidole kinateleza kama kimepakwa mafuta ya nazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha: hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa mgeni hurudi alikotoka. Nikaanza kulia. Nilitamani asibishe tena.

"Hodi."

Hakuna aliyeitikia. Bibi akatutazama mmoja mmoja. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Siku hizi," akasema polepole, "mwenye nyumba ndiye anayebisha hodi?"

Akajitanda kanga yake, akageuka kuondoka. Mgongo niliouona ukienda ulikuwa wa Mama.

Nikaamka. Kumekucha, na simu inaita kifuani. Ni Mama.

"Mwanangu, nimeshaoga, nimevaa," akasema. "Hicho kikao chenu, na mimi mtanisikia?"

Sijui nitamwambia nini kaka mkubwa. Hata shikamoo niliisahau, likanitoka lile neno lililonikwama usiku.

"Karibu, Mama."