Majirani Walipokuja kwenye Kilio Changu

Waandaaji wa tamasha la Goma walituahidi malazi, na mimi, mwigizaji niliyetoka Butembo na begi moja, nilidhani neno hilo lina kitanda ndani yake. Lilikuwa na nyumba ya kupanga ya mawe meusi, bidoni, yale madumu ya maji, nyuma, na wasanii waliogawanywa vyumbani kama magunia ya maharagwe. Chumba chetu kilipewa watu watatu na matela mbili, yaani magodoro mawili ya kutandika chini.

Wa kwanza kufika alikuwa muzee mmoja wa Rutshuru, mpiga inanga, ile zeze pana ambayo mtu huilaza mapajani. Alikuwa amekwisha kutundika kofia yake kwenye msumari pekee uliokuwa ukutani, na mtu akishatundika kofia huwezi tena kumwuliza kama hakukosea chumba. Yeye alikuwa amekaa kwenye matela moja. Kwenye ile nyingine kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi.

"Muzee, nani analala pale?"

"Ni inanga yangu. Baridi ya sima inalegezaka kamba zake."

Nikaitazama sima, ile sakafu ya saruji iliyobaki kwa ajili ya wanadamu.

Wa tatu alikuwa kijana mcheza dansi, mrefu, suruali yake ina mifuko mingi kuliko vitu alivyokuja navyo. Aliposema anatoka Ndosho nilifikiri nimesikia vibaya. Ndosho ni Goma hiyo hiyo. Unapanda moto, pikipiki ya abiria, na kabla hujamaliza kubishana na dereva umefika.

"Kwenu ni hapa hapa, na unakuja kulala na sisi ku sima?"

"Papa, kwetu siko artiste. Kwetu niko mutoto. Mama ananitumaka maji saa yote. Hapa niko mugeni."

Ugeni wake ulidumu mpaka asubuhi, tulipogundua kwamba kati yetu watatu ni yeye tu mwenye mgongo wa kubeba bidoni.

Suala la matela tulilizungumza kwa adabu zote. Mwishowe inanga ilikubali kusimama ukutani imevikwa koti langu, na mimi na kijana tukagawana matela yake. Kijana alicheza dansi hata usingizini. Mimi, wanasema, ninakoroma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa mbao. Sijawahi kujisikia, kwa hiyo siwezi kuthibitisha.

Siku ya pili nilihitaji kufanya mazoezi. Katika mchezo wetu wa teatre nilikuwa mwanaume anayeletewa habari kwamba mke wake amekufa, na nilitakiwa kulia mpaka watu wa nyuma kabisa wasikie. Salo, yaani sebule, ilikuwa imejaa akina mama wa kwaya. Chumbani muzee alikuwa anakaza kamba na hakutaka kelele nyingine. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye bidoni.

Mara ya kwanza nililia kama mtu aliyejikwaa. Mara ya pili kama mtu aliyeibiwa simu. Mara ya tatu kitu kikafunguka kifuani, machozi ya kweli yakatoka, nikajitupa chini juu ya mawe na kuita, "Umeniachia nani? Umeniachia nani?" Nilijisikia vizuri sana. Nikafikiri: huyu ndiye mwigizaji.

Nilipoinua kichwa, mama jirani alikuwa amesimama mbele yangu, kitenge amekifunga kiunoni, machozi tayari. Nyuma yake alikuwapo mama mwingine na mfuko wa makala, makaa ya kupikia, kichwani, na papa mmoja aliyejibebea kiti chake mwenyewe, kama mtu anayejua vilio vinachukua muda.

"Pole, papa. Pole sana," mama jirani alisema, akanishika kichwa na kukikandamiza begani kwake. "Ni nani alikufa?"

Ningeweza kuumaliza mchezo palepale. Lakini mdomo wangu ulikuwa ndani ya kitenge chake, na akili ilikuwa bado kwenye mchezo.

"Ni bibi," nikasema, maana kwetu mke ndiye bibi.

Lo! Mama alipiga yowe ambalo lilinionyesha nilikuwa bado mwanafunzi. Yule wa makala akaitikia. Papa akafungua kiti, akakaa, akashika kidevu. Kijana wa Ndosho akatokea mbio, akasikia, akakaa chini na kuanza kulia pia. Muzee naye akatoka, kofia mkononi.

"Nani alikufa?"

"Bibi ya papa wa Butembo," kijana alisema kwa kwikwi.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa mke wangu, kutoka Butembo.

"Kelele ya nini hiyo?" aliuliza. "Nani amekufa huko?"

Niliwatazama wote, nikatafuta njia nzuri ya kulisema, sikuipata.

"Wanakulilia wewe," nikamwambia.

Kisha mama jirani akanyoosha mkono. "Leta nimusikie." Akaweka simu sikioni. Nilisikia sauti ya mke wangu, ndogo lakini wazi: "Mama, ni mimi marehemu. Niko nachambua mboga."

Mama jirani akakaa juu ya bidoni. Nilidhani amekasirika. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka kitenge kikafunguka, na papa wa kiti akacheka mpaka akakohoa. Nikawaeleza habari ya teatre, nikaomba radhi kwa kila mmoja, nikamwambia mama wa makala achukue mfuko wake.

"Apana," alisema. "Makala ikishatoka kwa ajili ya kilio, hairudie ku nyumba. Tutaipikia."

Basi tukapika. Mama jirani alileta sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwaya ikasonga bukari, ugali wetu, muzee akapiga inanga bila kuombwa. Kuanzia jioni ile hakuna aliyeuliza tena matela ni ya nani.

Siku ya onyesho mama jirani alikaa mstari wa mbele. Nililia vizuri. Dada mmoja karibu naye alianza kufuta macho, na mama akamwinamia kumtuliza, kwa sauti iliyofika hadi jukwaani: "Usisumbuke, bibi yake iko muzima. Nilizungumuza naye, ni mutu muzuri sana."

Ukumbi ukacheka. Nikaendelea kulia, ningefanya nini?

Kumbe alikuwa amechukua namba ya mke wangu. Wanapigiana simu mpaka leo, na habari za Goma mimi huzipata jikoni kwangu, kutoka kwa marehemu.