Limi na Kadi ya Tisa

Limi binti Shibuda ndiye mtu pekee ninayemjua aliyegombana na namba akaishinda. Wengine hapa Bukiriro tumegombana na majirani, na mawifi, na nguruwe wa parokia. Mimi mwenyewe niliwahi kununiana na jogoo miezi mitatu, na aliyeomba radhi ni yeye. Lakini namba, hapana. Ndiyo maana naandika mwenyewe habari zake, kwa sababu wenye vyeti wakiandika watamtanguliza Juvenali.

Limi alizaliwa zizini. Hilo si tusi, ni anwani. Baba yake, mzee Shibuda, alihama Shinyanga na ng'ombe zake akaja huku mpakani mwa Ngara na Biharamulo, na mkewe akajifungulia njiani, kwenye zizi la usiku mmoja, katikati ya mifugo. Nasikia kitu cha kwanza mtoto alichokishika hakikuwa titi la mama bali waya wa redio. Sikuwepo, lakini naikumbuka vizuri. Alipofika darasa la sita alikuwa amefungua simu ya baba yake mara nne na kuifunga mara tatu. Alipofika miaka ishirini alikuwa na meza yake ya ufundi Biharamulo mjini, na watu walikuwa wakimletea simu zilizoanguka chooni, yeye anazifufua bila hata kuziba pua.

Basi wafadhili wakatuletea seva. Seva ni kompyuta kubwa, ukubwa wa sanduku la bibi harusi, isiyolala wala kunyamaza. Ndani yake walitia kadi tisa za mtandao, kila kadi mlango wa kijiji kimoja. Vijiji tisa tukachimba mtaro, tukalaza waya kutoka Biharamulo hadi huku. Kadi zenyewe zilikuwa na kasi ya ajabu. Fideli, mwenyekiti wa kamati ya mtandao, anakaa Kibimba; mtandao ulipowaka tulikuwa tunamwambia "afya" kabla hajapiga chafya.

Funguo za chumba cha seva alipewa Limi, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kitu. Juvenali, aliyekuwa na cheti chenye muhuri wa rangi mbili, alipewa kiti. Limi akapanga chumba kwangu. Mimi nikapanga kwake: chumba cha seva kina kiyoyozi, nikawa naweka mtindi wangu mle. Mtindi wa Bukiriro haujawahi kukaa kwenye baridi yenye heshima kama ile.

Jumatatu tukawasha. Taa za kijani zikaanza kuja moja moja, Kibimba, Bukiriro, Mugoma, na vingine, hadi nane. Ya tisa, ya kwao Limi, kwenye kitongoji cha wafugaji, ikabaki nyeusi kama jino bovu.

Mzee Shibuda alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo baba," Limi akasema.

"Taa yangu iko wapi?"

"Naitafuta, baba."

"Sisi tulichimba kwenye mawe. Hawa walichimba kwenye migomba, udongo unajichimba wenyewe. Na waya wao wote unapita kwenye mtaro wangu." Akamgeukia Fideli. "Mwenyekiti, Jumapili mkitoka misa mtatukuta na majembe. Tunafukua mtaro wetu na vyote vilivyomo. Na huyu binti anarudi nyumbani kukamua."

Hakuna aliyecheka. Mtaro ule ukifukuliwa, vijiji vyote tisa vinarudi kupanda kilima kutafuta mtandao, na Limi anarudi kwenye kibuyu cha maziwa maisha yake yote. Nilimwona akizishika zile funguo mfukoni kama mtu anayeshika mkono wa mtoto sokoni.

Juvenali akatoa uamuzi bila kuinuka. "Kadi mbovu. Irudishwe ilikotoka. Miezi sita."

"Haijapimwa, kaka Juvenali," Limi akasema.

"Mimi naipima kwa macho."

Jumanne Limi akaipima kwa mikono. Akazima seva, akaichomoa kadi iliyoitwa mbovu, akaihamishia tundu la kwanza; ya Kibimba, iliyokuwa ya kwanza, akaipeleka tundu la mwisho. Akawasha. Kwa Shibuda kukawaka kijani kizuri, Kibimba kukawa giza. Kadi haikuwa na kosa. Aliyekuja wa tisa ndiye aliyefungiwa nje, awe nani, awe wa kabila gani.

Fideli alifika na baiskeli kabla taa haijamaliza kuzimika.

"Limi! Umewapendelea baba zako!"

"Mwenyekiti, nilikuwa napima tu."

"Pima kwa kijiji kingine! Mimi ni mwenyekiti, siwezi kuwa wa tisa!"

Ikabidi arudishe kama ilivyokuwa. Mchana kutwa watu wakapita mlangoni wakitoa maoni. Wengine walisema mashine ni Mhangaza, mwenyeji wa huku kama sisi, na haijui Kisukuma cha kina Shibuda. Mimi niliwaambia imekaa na mtindi wangu siku mbili, ingekuwa na ukabila ningeisikia kwenye ladha.

Jumatano Limi akaingia kusoma. Kuna kitu kinaitwa draiva. Usidhani kinashika usukani. Ni maandishi yaliyomo kwenye mfumo wa kompyuta, yanayoifundisha mashine namna ya kuitumia kadi. Kurasa ni nyingi kuliko Biblia, na ndani hakuna hata ndoa moja. Aliyasoma tangu jogoo hadi jua la saa kumi, kisha akaniita kwa sauti ndogo.

"Bibi Eustakia, njoo uone."

Nikaja. Akaniwekea kidole kwenye kioo, penye namba nane. Nane ile hata mimi naijua, ni mtu mnene aliyefunga mkanda.

"Aliyeandika draiva hii," akasema, "aliona kadi nane zinatosha dunia nzima. Ameandika hapa kwa maneno yake: nane zinamtosha yeyote. Kadi ya tisa ikija haiambiwi hata karibu."

"Na huyo mtu ni nani?"

"Sijui. Yuko mbali, na hii aliiandika miaka mingi iliyopita."

"Alituona lini sisi?"

"Ndiyo hivyo bibi, hakutuona."

Akawaandikia wenye draiva huko ng'ambo. Jibu lilikuja haraka, kwa adabu kubwa, likitushukuru kwa barua na kutueleza kwamba hakuna mtu anayetumia zaidi ya kadi nane, na kwa hiyo tatizo hilo halipo. Nilifurahi sana kusikia. Nikamwambia Limi ampelekee baba yake habari njema kwamba hayupo.

Alhamisi Limi akafuta nane akaandika tisa, akayasaga maandishi upya yawe chakula ambacho mashine inaweza kumeza, akawasha. Taa tisa zikawaka. Nilipiga kigelegele kimoja, nilikuwa nachukua pumzi ya kupiga cha pili, zote tisa zikazimika. Seva ikaganda. Namba ile ilikuwa imeandikwa mahali pawili: pa kwanza mlangoni, panaposema waingie wangapi, na pa pili ndani, kwenye jedwali la majina lenye mistari nane tu. Limi alikuwa ameongeza mlangoni, ndani akawa hajaongeza. Kadi ya tisa ikaingia kwa furaha, ikakosa mstari, ikajiandika juu ya mambo ya mwenzake, na mashine nzima ikasahau inafanya nini.

Vijiji vinane vikakaa bila mtandao hadi adhuhuri, ndipo Limi akairudisha seva kwenye nane yake ya zamani. Juvenali alionekana mwenye afya nzuri sana siku hiyo.

"Nilisema miezi sita," akasema.

Ijumaa kamati ikaitwa. Limi alikuwa amewaeleza kwamba namba inaweza kupandishwa pote pawili, na kamati ilipogundua kwamba kuna namba ya kupanga, ikaona haiwezi kupangwa na msichana peke yake. Wakaketi. Wakafungua kikao kwa sala. Wakachagua katibu wa namba.

Fideli akataka tisa. "Tisa kamili, halafu mlango ufungwe. Tukiacha nafasi, kesho watakuja watu hatuwajui."

"Na Mugoma ya juu, kijiji cha kumi?" mtu akauliza. "Wameshaanza kuchimba mtaro wao."

"Waache kuchimba!"

Mzee mmoja wa kanisani akapendekeza kumi na mbili, kwa heshima ya mitume. Mwingine akauliza kama Yuda anahesabiwa. Juvenali akasema sitini na nne, kwa sababu kompyuta hupenda sitini na nne. Hakuna aliyemwuliza kwa nini inapenda, na nadhani alishukuru. Saa mbili zikapita. Limi alikuwa amekaa kwenye kona, anaangalia dirishani kama mtu anayeuangalia mtaro. Mzee Shibuda alikuwa amesimama nyuma, hakutaka kiti cha watu wenye namba.

Mimi siwezi kukaa kwenye kikao kirefu bila kufanya dhambi. Nikamgeukia.

"Mzee Shibuda, hebu tusaidie wewe mzoefu. Una ng'ombe wangapi?"

Hilo ni swali ambalo haliulizwi. Lilipata kuulizwa na ofisa mmoja, akaondoka bila jibu, na pikipiki yake ikiwa na upepo gurudumu moja tu.

"Mayu," Shibuda akasema, maana Wasukuma wakimheshimu mwanamke humwita mama, hata akiwa amemchukia. "Ng'ombe hawahesabiwi. Anayewahesabu anawaletea kifo."

"Na ushuru," akasema mtu chini chini.

"Na ushuru! Kwani nimeficha?" Akagonga fimbo sakafuni. "Jioni nafungua zizi. Anayekuja anaingia, na akizaa njiani, ndama naye anaingia. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba zizi hili ni la wangapi! Nikitazama najua nani hayupo, kwa sura yake. Ninyi mmekaa asubuhi nzima mnatafuta namba ya kufungia watu nje, na bado mtu wenu wa ng'ambo alishawatangulia. Jumapili nakuja na majembe."

Akatoka. Kamati ikaendelea, ikapiga kura, sitini na nne ikashinda kwa kura mbili, katibu wa namba akaiandika na kupiga muhuri.

Ila Limi hakuwepo tena kwenye kona. Nilimkuta chumba cha seva, hata mtindi wangu amesogeza pembeni.

"Bibi, nafuta namba."

"Unaandika sitini na nne?"

"Siandiki yoyote. Kwa nini kuwe na jedwali lenye mistari iliyochorwa tangu mwanzo? Kadi ikija, iandikiwe mstari wake hapo hapo, na mstari huo ufungwe kamba kwenye uliotangulia. Anayekuja anaingia."

"Hayo si maneno ya baba yako?"

"Baba alikuwa anatukana tu, bibi. Usimwambie."

Jumamosi nzima aliandika, akasaga, akaangusha, akainua. Mara tatu seva iliganda, mara tatu Mugoma walipiga simu kulalamika, jambo lililothibitisha kwamba simu zao bado zinafanya kazi. Alasiri akasahau hata kula. Nilimlisha ugali kwa mkono wangu kama njiwa. Kulipokaribia magharibi akaketi sakafuni, akasema, "Imekubali," bila furaha yoyote, kama mtu aliyebeba mzigo safari ndefu na hajaamini ameutua.

Jumapili tulipotoka misa tukawakuta. Wanaume thelathini, mimi nikisimulia mbali huwa nasema mia tatu, na sijawahi kupingwa. Majembe begani, mzee Shibuda mbele. Fideli alijificha nyuma ya wanakwaya.

Limi akatoka na funguo mkononi. "Shikamoo baba. Ingia uone."

Akaingia. Taa tisa, kijani, hazitikisiki. Akazitazama moja moja, na nilijua anazitazama kwa sura, si kwa idadi. Kisha akapiga simu nyumbani, na kutoka kitongoji cha wafugaji uso wa mke wake mdogo ukatokea kwenye simu, mkubwa na angavu kiasi kwamba mzee alirudi nyuma hatua moja.

"Unaonekana," akamwambia.

"Wewe pia," mke akasema. "Umevaa shati lile lile."

Shibuda akakata simu. Akatoka nje. Watu thelathini walikuwa wanamngoja, na watu waliotembea kilomita kumi na majembe hawawezi kuambiwa tu warudi.

"Limi," akasema, "Mugoma ya juu wako wapi na mtaro wao?"

"Wamefika kwenye mawe, baba. Wamekwama."

"Hawajui mawe." Akatema mate pembeni. "Mashine itawakubali?"

"Itawakubali. Kadi ndiyo hatuna, nitaitafuta."

"Kadi tafuta wewe. Mawe tuachie sisi." Akawageukia wenzake, akamwonyesha binti yake kwa fimbo. "Huyu anatangulia. Anapopita yeye, ndipo mnapochimba."

Limi akanirushia funguo, akachukua gunia la majivu kwa ajili ya kuchora mstari, akashika njia ya Mugoma na wanaume thelathini nyuma yake. Fideli alitoka kwenye kwaya akaniuliza kwa haraka kama azimio la sitini na nne bado linasimama. Nikamwambia linasimama vizuri sana, alitunze.