Manowari Tatu na Trela Moja la Majani Chai

Ninaikumbuka vizuri, mwanangu, Jumamosi ile nilipozamisha manowari nane bila kulowa hata kidole. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa tai ya kuazima, nimesimama juu ya sanduku la chai ndani ya banda la kituo cha majani, huku huku kwetu upande wa Silibwet. Bahari sikuwa nimeiona hata kwenye picha. Usicheke bado, ya kuchekesha yako mbele.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu jana niliwasikia wewe na wenzako mkibishana juu ya vita, mmeinamia simu zenu, huyu anataka ndege zaidi, yule anataka makombora zaidi. Nilitamani kuingilia, maana mimi ni mtaalamu wa zamani wa mambo hayo. Lakini mtaalamu wa zamani hungoja aulizwe. Kwa kuwa hamkuniuliza, nimekuja mwenyewe.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa karani wa kituo. Wakulima walileta majani yao kwa vikapu, mimi nikayapima kwenye mzani unaoning'inia, nikaandika, kisha trekta likayavuta kwa trela hadi kiwandani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini nilikuwa na kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu, na mtu mwenye kalamu mbili siku zile alijiona anakaribiana na bwana DO, mkuu wa tarafa.

Jumamosi moja kila mwezi, majani yakishaondoka, banda liligeuka kuwa ukumbi wa mdahalo. Mada ilitoka popote. Mara hiyo ilitoka kwenye sukari. Kamau mwenye duka alikuwa amenifungia sukari kwa kipande cha gazeti la zamani, na nilipoikung'uta nikasoma habari ya nchi moja ya Ulaya iliyotaka kuunda manowari mpya, zile zinazoitwa frigeti. Wabunge wao walikuwa wanagombana: kwa fedha zile zile, waunde tatu zenye silaha za kila aina, au nane zenye mzinga mmoja mmoja? Waliamua nini sijui mpaka leo, kwa sababu kipande cha mwisho kilikwenda na sukari ya mtu mwingine.

Nikashika upande wa manowari tatu. Upande wa nane ulishikwa na Nyamweya, dereva wa trekta, Mkisii mmoja mpole ambaye hakupenda maneno mengi, na ndiyo sababu nilifurahi kupangwa dhidi yake. Kwenye benchi la mbele alikaa Mzee arap Tuei, mwenyekiti wa wakulima wa kituo chetu.

Hapo ndipo penye shida yangu, mwanangu. Arap Tuei alikuwa baba yake Chelangat, na wazee wa kwetu walikuwa wamepanga kwenda kumposa baada ya majuma mawili. Kwetu kijana hajiposei. Wazee ndio huenda, na mwenye binti huwauliza habari za kijana wao: mkono wake ukoje, na mdomo wake je? Mimi niliona nisingoje. Nikataka mzee ausikie mdomo wangu mapema, na kwa kweli aliusikia.

Nilizungumza kama aliyezaliwa ndani ya meli. Mbele niliweka mizinga miwili mikubwa. Nyuma nikaweka makombora ya kupiga ndege, ubavuni makombora ya kupiga meli, chini topido za kupita majini, juu rada, na pale palipobaki wazi nikatua helikopta. Kila nilipoongeza silaha watu walipiga makofi, na kila walipopiga makofi niliongeza silaha. Nyamweya alisema tu kwamba meli tatu haziwezi kuwa mahali pengi kwa wakati mmoja, na moja ikiharibika utabaki na mbili. Ilikuwa hoja nzuri. Niliizomea.

Ndipo arap Tuei akainua fimbo yake taratibu. "Kijana," akasema, "hiyo meli yako umejaza bunduki kila mahali. Sasa watu watalala wapi?"

Jibu sikuwa nalo, na mtu asiye na jibu akiwa juu ya sanduku ni hatari. Nikasema, "Mzee, hii ni meli ya vita, si hoteli. Pengine siku moja ukiiona bahari utaelewa."

Ah, walicheka! Mabati yalitikisika. Kura zikapigwa kwa mikono, nikashinda, nikabebwa juu juu mpaka mlangoni. Arap Tuei alitabasamu, akachukua kofia yake, akaenda zake. Chelangat, aliyekuwepo kati ya wasikilizaji, hakucheka. Aliniangalia kama unavyomwangalia ng'ombe aliyekamatwa akitafuna shati lako kwenye kamba ya nguo. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimevimba sana, hakikuhisi kitu.

Ulikuwa msimu wa mvua, na Jumatatu majani yalikuja kwa wingi. Kwa kawaida siku kama hiyo trekta huenda kiwandani mara mbili. Sasa wewe ni mtoto wa huku, sihitaji kukufundisha: jani likichumwa bado linapumua. Hulazwa bila kubanwa ndani ya gunia, lipate hewa. Ukilishindilia linapata joto, linageuka jekundu, na kiwanda hakilitaki. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafokea akina mama waliokandamiza vikapu. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijua.

Lakini nilikuwa bado naelea juu ya makofi ya Jumamosi. Nikataka kumwonyesha Nyamweya kwamba hoja yangu inafanya kazi hata nchi kavu: chombo kimoja, kimejaa, safari moja, basi. Nikaamuru magunia yashindiliwe. Niliingia mwenyewe ndani ya trela na viatu vyangu vya karani nikakanyaga.

"Karani, hii majani itaungua," Nyamweya alisema. "Twende mara mbili kama siku zote."

Nikamwambia kura zilishapigwa. Alipanda trekta lake, nami nikapanda pembeni, tukaondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na mimi sikuwa nimewahi kuvuta trela. Kwenye kile kilima cha mtoni uzito ulituzamisha kwenye tope hadi ekseli. Tukasukuma, tukakata matawi, tukaweka mawe. Mvua ikakatika, jua likatoka, likatuwakia. Tulipofika kiwandani mkaguzi hakuhitaji hata kupima. Alitia mkono ndani ya gunia la kwanza, akautoa haraka, akatia la pili, akatikisa kichwa. Tulirudishwa na majani yote.

Usiombe safari kama ile ya kurudi. Familia kumi na nne zilikuwa zimechuma tangu alfajiri, wamelowa hadi mifupani, na jasho lao lote lilikuwa nyuma yangu likinuka kama majani ya viazi yaliyooza. Walikuwa wamengoja kituoni. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilinitisha zaidi. Nikajiuliza, wazee wakienda kuposa, nani angenikabidhi binti yake, mimi niliyeshindwa kukabidhi majani?

Arap Tuei akaja polepole. Akafungua gunia moja, akanishika kifundo cha mkono, akauingiza mkono wangu ndani hadi kwenye kiwiko. Kulikuwa na joto kama la uji.

"Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Hiyo ndiyo meli yako." Hakuachilia mkono. "Wakati ya ile vita kubwa mimi nilichukuliwa hapa nikapelekwa kupika kwa meli ya vita. Nilipika miaka tatu. Ilikuwa na bunduki mingi, mpaka vijana walilala juu ya masanduku ya risasi, kwa zamu, kwa joto kama hii. Siku moja king'ora ikalia wakati adui ameshafika. Mzinga ilikuwa tayari, risasi ilikuwa tayari. Yule wa kuangalia adui alikuwa amelala akisimama. Mzinga haikukosa risasi, kijana. Ilikosa mtu ya macho."

Nilitaka ardhi inimeze, na kwa tope la siku ile ingeweza. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakuyasema hayo Jumamosi, mbele ya watu wote.

"Hukuniuliza," akasema. "Ulinijibu."

Kisha akaniachilia, akaongeza, kama mtu anayemaliza hesabu ndogo, kwamba bahari ameiona. Ni maji tu. Taabu iko kwa meli.

Walipokaa kamati jioni ile wengine walitaka nifukuzwe, na walikuwa na haki. Nikasimama, bila sanduku safari hii, nikasema nina mikono miwili na siku zangu za mapumziko. Nitachuma siku nzima katika kila shamba lililopata hasara, mpaka niyamalize yote kumi na manne. Wakacheka kidogo, maana karani kuchuma majani ilikuwa kama kasisi kukamua ng'ombe. Arap Tuei akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga, wote walitaka kuniona nikichuma.

Na waliniona! Mwanangu, usidanganyike na wepesi wa vidole vya mama yako. Siku ya kwanza nilichuma majani manne kwa kichipukizi kimoja badala ya mawili, na mashina ndani. Akina mama walinibatiza jina Kapteni. "Kapteni, mizinga iko wapi? Kapteni, huo upande umeacha topido." Shamba baada ya shamba, jina likaenda mbele yangu kama mbwa wa nyumbani. Mwanzoni liliniuma, baadaye nikaanza kuitika. Nilijifunza pia kitu ambacho kalamu mbili hazikunifundisha: kikapu kikiwa mgongoni mwako huhitaji kuambiwa usikishindilie.

Shamba la mwisho lilikuwa la arap Tuei. Chelangat alichuma mstari wa pembeni yangu. Mchana akatazama kikapu changu, akatoa jani moja gumu, moja tu, akalitupa. "Umejua kuchuma," akasema. "Sasa jua kunyamaza." Sikujibu. Akacheka, na mimi nikajua nimefaulu mtihani ambao sikujua naufanya.

Mwezi uliofuata nilipanda juu ya sanduku la mdahalo nikasema mbele ya banda zima kwamba nilikosea, kwamba nilimcheka mtu aliyekuwa akinisaidia, na kwamba kuuliza si ujinga bali ujinga ni kumzomea anayeuliza. Nikashuka, nikamwomba mzee apande yeye. Alitusimulia jiko la meli hadi Kamau akalazimika kuleta taa kutoka dukani: namna ya kupika uji sufuria ikiteleza, namna ya kumtuliza kijana wa Kitaita anayelilia mama yake baharini. Hatukupiga kura.

Wazee wetu walikuwa wamechelewesha safari ya posa kwa aibu yangu. Sasa wakajiandaa, na mimi nikaenda kuitazama tena nyumba niliyokuwa nimeanza kuijenga. Ilikuwa na sebule kubwa ya redio na makochi, madirisha matatu ya vioo upande wa barabarani ili wapita njia waone, na chumba kimoja cha kulala ambacho ukiingiza kitanda mlango haufunguki. Nilisimama pale nikacheka peke yangu mpaka fundi akaniuliza kama naumwa. Tukabomoa ukuta. Sebule ikawa ndogo, kikatoka chumba cha mama yangu, kikatoka chumba cha watoto ambao hawajazaliwa, na jiko likapata bomba la kutoa moshi. Vioo viwili nikavirudisha dukani.

Baba aliporudi kutoka kwa arap Tuei alikuwa ameduwaa. Alisema mzee yule ni wa ajabu, hakuanza na ng'ombe kama watu wengine. Alinywa maziwa yake, akafuta mdomo, akauliza swali moja tu: nimesikia kijana wenu anajenga, sasa watu watalala wapi? Baba akamweleza chumba kwa chumba. Arap Tuei akasikiliza mpaka mwisho, akageuka nyuma, akamwita mke wake aongeze maziwa.

Kogo, nyanya yenu Chelangat, huyo anayewaita sasa mje kula, alilala katika nyumba hiyo miaka arobaini na mmoja kabla hatujajenga hii. Chumba cha watoto kilijaa. Chumba cha mama kilimzeesha vizuri, akafa akiwa na dirisha lake. Kapteni wananiita mpaka leo sokoni Bomet, wengi wao hawajui kwa nini.

Basi, mwanangu, bishaneni. Mimi sikatazi mdahalo, kinywa kisichobishana hulala. Bishaneni meli ziwe tatu au nane, na gharama, na mizinga. Lakini katika kila kitu utakachokipakia maishani, iwe shamba, kazi, ndoa, au nchi Mungu akikujalia kuiongoza, anza na wale watakaokaa ndani yake. Walale wapi, wale nini, wapumue vipi. Silaha itafuata, na utashangaa jinsi inavyotosha. Na mzee akikuuliza swali linaloonekana dogo, usikimbilie kumjibu. Muulize kwanza aliwahi kupika wapi.

Mungu akupe mengi ya kubeba, na akupe nafasi ya kuyabeba. Akupe majani yasiyoungua njiani na dereva anayethubutu kukuonya. Akupe mkwe mwenye swali moja. Na siku utakayojenga, akujalie mlango unaofunguka hata kitanda kikishaingia.