Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Shangazi yangu alipiga chapa katika kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na mitatu, na miaka yote hiyo alikuwa na mtindo uliowachekesha wenzake. Akiandika kumbukumbu za kikao, hakuandika kwamba fulani alishauri au fulani alipendekeza. Aliandika neno kwa neno, akamtaja msemaji, kisha akayafungia maneno yake ndani ya alama za nukuu.

"Unaandika kikao au mchezo wa kuigiza?" karani wa stoo alizoea kumtania.

"Kila mtu na mdomo wake. Mimi sibebi wa mtu."

Alhamisi ile hakuna aliyetania. Boila la mvuke lilikuwa limepasuka siku iliyotangulia, na fundi wake, mtu mzima waliyemwita Mzee Moshi, alikuwa amelazwa, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Wakaguzi walitarajiwa saa sita mchana. Shangazi alikuta kumbukumbu zake za kikao cha Jumanne juu ya taipureta, mistari miwili imezungushiwa wino mwekundu:

Mzee Moshi: "Bosi, vali inavuja. Tuzime leo."

Meneja: "Usizime mpaka niseme mimi."

Meneja aliingia, akafunga mlango polepole. Hakuwahi kuufunga.

"Mama, hii irudie," alisema kwa upole. "Andika tu kwamba suala la boila lilijadiliwa, fundi akaachiwa aamue. Hizo alama zako toa zote."

"Zote, bosi?"

"Zote. Saa tano na nusu niikute mezani. Na lile daftari lako la hati mkato, nipe."

Alimpa. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: mkono wake ulitoa daftari kabla yeye hajaamua.

Akabaki peke yake, vidole baridi, akipiga herufi moja mara mbili, akifuta, akisikiliza kila kiatu kilichopita ukumbini. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili shuleni na nyumba ya kiwanda. Pembeni ya taipureta kulikuwa na kopo lake la chakula. Kila siku Mzee Moshi alilichukua asubuhi, akaliegemeza kwenye bomba la mvuke lipate moto, na mchana akamrudishia: "Shemeji, mimi mpishi wako nimemaliza." Leo kopo lilikuwa baridi.

Alipiga kama alivyoagizwa. Ukurasa ulitoka msafi. Aliusoma akaona midomo yote imetoweka, amebaki Mzee Moshi peke yake na la kujibu.

Akairudisha karatasi kwenye mashine. Chini kabisa akaandika:

Alhamisi, saa nne.

Meneja: "Hizo alama zako toa zote."

Mpiga chapa: "Zote, bosi?"

Meneja: "Zote."

Akachukua na ile karatasi yenye wino mwekundu, akashuka ngazi ameshika ukuta. Alisimama getini karibu na mlinzi. Saa tano na nusu dirisha la juu lilifunguka na meneja akamwita, kwanza taratibu, kisha kwa sauti. Hakugeuka. Aliniambia hakuwa jasiri, shingo ilikataa.

Gari la wakaguzi lilipoingia, mkubwa wao alisoma karatasi zote mbili palepale, akiweka kidole kwenye kila mstari.

"Haya ya nani?"

"Ya fundi."

"Haya?"

"Ya meneja."

"Na haya, 'Zote, bosi'?"

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kujiandika hata neno moja.

"Hayo yangu."

Mzee Moshi hakushtakiwa. Alirudi kazini baada ya miezi minne, vidole vigumu, akaomba kopo. Shangazi naye hakufukuzwa, lakini mpaka leo, mlango ukifungwa polepole nyuma yake, huacha alichokuwa akisema na kusubiri.