Fimbo ya Mzee Amsi

Naungama mwenyewe, maana hapa Dirma hakuna asiyejua. Miaka miwili ya seminari iliniachia Kigiriki kidogo na majivuno mengi, na juzi, kwenye mkutano wa kuhamia kijiji cha ujamaa, nikavimwaga vyote.

Tulikutana darasani kwangu. Watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, basi nikamwendea Mzee Amsi aliyesimama mlangoni, nikamwambia shikamoo, nikachukua fimbo yake kabla hajaitikia. Akashika mwimo wa mlango. Nikadhani amenuna.

Nikaandika ubaoni: skeptron, na wengine husema skaptron. Nikaeleza kwamba kwa Wagiriki wa kale kwanza ilikuwa fimbo ya kuegemea, baadaye ikawa ya wafalme, na barazani aliyeishika ndiye aliyesema. "Sasa ninayo mimi," nikasema. Wakanyamaza. Nikajiona mfalme, mimi mwalimu wa darasa la tatu.

Nikauliza nani anapinga kuhama. Mzee Amsi akauachia mwimo, akainua mkono, akaanguka kifudifudi.

Nikamwambia ainuke, mkutano si mchezo.

Binti yake akapiga magoti kumwinua. "Mwalimu, mguu mmoja wa baba haukanyagi. Fimbo hiyo ndiyo anayotembelea."

Katibu wa mkutano akauliza kama mkono wa mzee uhesabiwe, maana umeshashuka.

Watu wote wakanigeukia. Fimbo ilikuwa bado mkononi mwangu, na kwa amri yangu mwenyewe hakuna mwingine aliyeruhusiwa kujibu.