Bunduki ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, mfupi, mbishi, na mdomo anao. Ukimpelekea sketi uliyoshonewa kwingine ataigeuza nje ndani, atatikisa kichwa, kisha akuulize kama aliyeshona amekamatwa au bado anatafutwa. Nampenda kupita kiasi. Ila siku aliposema anataka leseni ya bunduki, nilidhani uzee umeanza kazi yake.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mkwe, aliyekuwa akiitumia kufukuza nguruwe pori shambani. Alipofariki polisi waliichukua kuihifadhi, wakasema mrithi mmoja aombe leseni mpya, ama familia nzima ikubaliane iharibiwe. Eti familia nzima ikubaliane. Hawatujui.

Mume wangu, dereva wa lori, hakutaka hata kuiona. Mdogo wake, shemeji yangu fundi magari, aliitaka kufa na kupona. Sebule ikageuka bunge.

"Wezi wanazo," shemeji alisema. "Mimi ninayefuata sheria ndiye ninyimwe? Ni haki yangu kulinda nyumba yangu."

"Ikishaingia ndani haichagui nani mwizi, nani mtoto," mume wangu akajibu.

"Baba alikaa nayo maisha yake yote. Nani aliumia?"

"Baba alikuwa baba. Wewe ukikosa tu spana unapiga teke gari la watu."

Kila mmoja alikuwa na lake la kweli, ndiyo maana hawakumaliza. Mimi nilichemsha chai mpaka sukari ikaniishia, na hakuna aliyenishukuru. Mama alikuwa kwenye cherehani akikunja upindo wa suruali, kimya. Sasa, mama huyu akikaa kimya, mtu mwenye akili anaanza kuogopa.

"Bunduki nitaiomba mimi," akasema.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Shemeji yako amegawa spana zake," akaninong'oneza. "Seti nzima. Nimeambiwa na watu wa gereji."

Spana zile alizinunua kwa kudunduliza, hata kaka yake hakuwahi kuazimwa. Nikakumbuka tangu mkewe aondoke na watoto alivyokonda, ndevu ananyoa siku akikumbuka, chai yangu anaiacha inapoa.

"Fundi anayegawa vifaa vyake hana mpango na kesho," mama akasema. "Na huyo ndiye anayetaka bunduki."

Basi nikamsindikiza kila alikotakiwa: kupimwa macho, kufundishwa, kulenga shabaha. Siku ya shabaha alivaa miwani yake ya kushonea. Alipofyatua, bunduki ilimsukuma akakaa chini pwaa, miguu juu, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka hadi machozi. Alikung'uta gauni akadai arudie. Alifaulu kwa taabu, lakini alifaulu.

Siku ya kukabidhiwa alitia saini, kisha akaisukuma ile bunduki irudi upande wa pili wa meza.

"Sasa ni yangu," akamwambia afisa. "Naomba muiharibu."

"Mama, taabu yote hii? Si mngekubaliana tu nyumbani?"

"Ungekuja wewe uwakubalishe," akajibu, akachukua mkoba wake.

Jioni shemeji alikuja amevimba. Hata salamu hakutoa.

"Mama, umeninyima haki yangu."

"Nimekunyima," mama akasema. "Nichukie, mwanangu. Hasira zako naziweza. Kaburi lako siliwezi."

Akainama, akavuta begi zito chini ya meza, akalitua mbele yake. Zilikuwa spana, zote. Alikwenda gereji kuzidai mwenyewe, na ninavyomjua, wale waliokuwa wamepewa, masikio yanawauma mpaka leo.

Shemeji aliziangalia. Kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Mama alimshika bega, na mimi niligeukia dirisha maana nilikuwa nimeshaharibika uso kwa machozi.

Alipotulia, mama akamwambia, "Kesho tunakwenda wote kwa daktari. Hilo sikuombi. Leo niangalizie hii cherehani, inagonga."

Cherehani haikuwa ikigonga. Shemeji alilijua hilo vizuri tu, akachagua spana ndogo, akaanza kuifungua.