Muuaji Niliyembuni

Miaka ile ya hamsini, riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi ilipoteuliwa kuwania zawadi, majirani wa Ipogolo walinifanyia sherehe ya chai. Katikati ya pongezi, mjane mmoja wa pale mtaani alinivuta kando. Mumewe aliuawa kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya, na muuaji hakujulikana. Kisa hicho ndicho nilichokiandika.

“Mwanangu, nasikia kitabuni umemtaja aliyemuua baba watoto wangu. Ni nani?”

“Mama, huyo nilimbuni tu.”

“Na marehemu naye ulimbuni?”

Nilitahayari. Akaondoka bila kugusa chai. Watu wakaniita niwasomee ukurasa wa kwanza, ule wa maiti shimoni. Nikausoma, nao wakapiga makofi.